Mkono Uliowekewa Jukwaa

Mwanamke mmoja alikuwa na wana wawili, na wana hao walikuwa na bendi. Mkubwa, Gervasi, alipiga gitaa la solo. Mdogo, Tadei, aliimba na kupiga gitaa la ridhimu. Wimbo wao uliopendwa kuliko zote ulianza kwa gitaa la mdogo likiita peke yake, kisha gitaa la mkubwa likaitikia. Watu hawakuinuka kucheza mpaka wasikie kaka amemwitikia mdogo wake. Ndivyo ilivyokuwa katika mji huo ulio chini ya milima, na harusi iliyoikosa bendi hiyo ilisemwa kuwa haikufana.

Wakakosana. Msidhani kulikuwa na jambo zito. Waligombana kwa ajili ya wimbo huohuo, kila mmoja akidai ameutunga yeye. Na ukweli, ndugu zangu, ni kwamba hakuutunga yeyote kati yao. Ilikuwa sauti ya mama yao, Veneranda, aliyokuwa akiiimba wakati wa kutwanga, mmoja wao akiwa mgongoni na mwenzake ameshika upindo wa kanga yake. Watu wazima wawili waligombea kitu walichopewa bure, tena walichopewa wote. Wakavunja bendi. Gervasi akafungua duka la mabati na misumari, Tadei akaenda kufundisha kwaya.

Miaka ikapita, mingi tu. Mama alikaa na binti yake wa mwisho, Anatolia. Gervasi alikuja kumwamkia Jumapili, Tadei alikuja Jumatano, na aliyekuta pikipiki ya mwenzake nje ya nyumba aligeuza akarudi alikotoka. Kwa hiyo mama alipika mara mbili kila wiki, na kila alipopika alimwambia aliyekuja neno lilelile: njooni siku moja, mle sinia moja, niwaone. Kila mmoja alijibu, tutaona, mama. Hakuwa na haja nyingine mwanamke yule. Hakuomba nyumba ya vigae wala safari ya kuhiji. Aliomba kuwaona wanawe wameshikana mikono kabla hajafumba macho.

Basi akatokea promota mmoja, mtu mwenye maneno matamu, akasema bendi irudi. Akapanga ziara ya miji saba, wa kwanza ukiwa huohuo mji wao, ili watoto wawaone wale ambao baba zao waliwasimulia. Akawaita wote wawili ofisini kwake. Walipoingia, Tadei, ambaye moyo wake ulikuwa mwepesi zaidi, alinyoosha mkono kumsalimu kaka yake. Na Gervasi, nasema kweli, alikwisha kuuinua wa kwake. Promota akaidaka mikono hiyo hewani kabla haijakutana.

"Hapana, wazee wangu," akasema huku akicheka. "Mkono huo usitumike hapa. Watu watajaa ukumbini kwa ajili ya mkono huo."

Nao wakacheka. Hapo ndipo ninaposhangaa kwanza. Walicheka, wakarudisha mikono mifukoni, wakakubaliana wasisalimiane mpaka siku ya onyesho. Mazoezi wakafanya mbalimbali, huyu asubuhi na yule jioni. Mabango yakabandikwa mji mzima, yamechorwa mikono miwili inayotaka kukutana, na katikati ya vidole imeachwa nafasi ndogo, ya kupita uzi tu. Bango moja lilibandikwa kwenye ukuta wa Mama Veneranda mwenyewe. Mama alifurahi, msione ajabu. Alichagua kitenge cha zambarau chenye ndege weupe, akashonesha gauni la kukalia kiti cha mbele.

Ndipo ukaja ule ugonjwa mnaoujua wote. Kumbi zikafungwa. Watu wakavaa barakoa, wakasalimiana kwa viwiko na miguu, na kila mlango ukawekewa ndoo yenye koki na kipande cha sabuni. Ziara ikaahirishwa. Juu ya tarehe ya bango ikabandikwa karatasi yenye tarehe nyingine. Tarehe hiyo nayo ikafika, kumbi zikiwa bado zimefungwa, ikabandikwa karatasi juu ya karatasi. Mvua ikanyesha, rangi ikachuja, mikono ile miwili ikawa kama ya wagonjwa. Nafasi ya katikati ilibaki vilevile.

Na ndugu wale waliendelea kuitunza. Jumapili na Jumatano, kama zamani. Tena sasa walikuwa na sababu nzuri, maana walipokuwa wamekosana walikwepana kwa aibu, lakini sasa walikwepana kwa mkataba.

Mama akaugua. Haukuwa ugonjwa ule, ni moyo tu uliochoka, na daktari aliwaambia watoto wasiogope kumkaribia. Akawaita wote wawili siku moja. Wakaja. Gervasi akasimama mlangoni, Tadei akasimama upande wa dirisha, kitanda kikiwa katikati yao. Mama akawatazama mmoja baada ya mwingine, akawaambia wapeane mkono awaone.

Gervasi akasema siku hizi watu hawashikani mikono, mama, serikali imekataza. Anatolia akainuka bila neno, akaivuta ndoo ya mlangoni, akaiweka mbele ya kitanda pamoja na sabuni yake. Maji yalikuwemo. Ndugu wale wakaitazama ile ndoo. Kisha Tadei, yule mwenye moyo mwepesi, akainama na kumwambia mama yake kwa upole kabisa kwamba siku zimekaribia, avumilie kidogo, atauona mkono huo ukumbini, mbele ya watu wote, na utapendeza zaidi.

Mama akasema, "Haya, wanangu." Akageukia ukutani.

Nimelisimulia jambo hili mara nyingi, na kila nikifika hapa mwili unanisisimka. Hawakuwa watu wabaya. Walimpenda. Mmoja alilipia dawa na mwingine alimbeba mgongoni hadi hospitali. Ila waliombwa kitu walichokuwa nacho tayari, mkononi, wakasema bado.

Akafa juma lilelile. Alizikwa na watu wachache, kama ilivyoamriwa siku hizo, wamesimama mbalimbali na barakoa zao. Gervasi alisimama upande mmoja wa kaburi na Tadei upande wa pili. Padri alipomaliza, kila mmoja aliinama akachota udongo, akautupa juu ya jeneza la mama yake. Mikono yao ilikuwa karibu sana juu ya shimo lile. Promota alikuwa amesimama mbali, penye lango. Hakusema kitu, wala hakuwa na haja ya kusema. Waliondoka makaburini kila mtu kwa njia yake bila kusalimiana, na udongo viganjani.

Hatimaye kumbi zikafunguliwa. Onyesho likapangwa Jumapili alasiri, na mji wote ukamiminika. Mlangoni bado kulikuwa na ndoo na sabuni, maana hofu ilikuwa haijaisha. Ndugu wale wakapanda jukwaani, mmoja akitokea kushoto, mwingine kulia, magitaa mabegani. Wakatazama kiti cha mbele, kile kiti. Gauni la zambarau lenye ndege weupe lilikuwa limekaa pale. Tadei alirudi nyuma hatua nzima. Gervasi alilishika gitaa lake kwa mikono miwili.

Alikuwa Anatolia. Alikuwa amevaa gauni la mama yao, na sura walifanana.

Promota hakuona kitu. Akashika maikrofoni, akawaambia watu kwamba wakati walioungoja kwa miaka umefika. Ngoma zikalia taratibu. Simu zikainuliwa juu. Ndugu wale wakasogeleana, wakanyoosha mikono, na ilipobaki nafasi ya kupita uzi, Anatolia akasimama. Hakwenda jukwaani. Alikwenda mlangoni. Watu wakampisha bila kujua kwa nini, naye akarudi ameikumbatia ile ndoo, maji yakimwagikia gauni, akaitua kwenye ukingo wa jukwaa kwa kishindo mpaka ngoma zikanyamaza.

"Naweni kwanza, kaka zangu," akasema. "Mikono hiyo bado ina udongo wa mama."

Promota alitaka kucheka, kama alivyocheka ofisini kwake, cheko likamkwama. Simu zikashuka moja baada ya nyingine, na mikono ya wale ndugu ikabaki hewani, haikutani wala haishuki, sawasawa na bango. Kisha Tadei akakigeuza kiganja chake akakitazama, na wote walioona uso wake wanasema aliuona udongo.

Alipiga magoti, akafungua koki, akanawa. Gervasi akalivua gitaa, akapiga magoti upande wa pili wa ndoo, akanawa kwa maji yaleyale huku akilia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya watoto wa mji. Baadaye Tadei alijaribu kuuanzisha ule wimbo wa mama yao. Gitaa lake likaita. Likaita tena. Gervasi aliweka vidole kwenye nyuzi, na hakuweza kuitikia, na watu wakaanza kutoka nje kimya, mmoja mmoja, kama wanaotoka msibani. Miji ile sita iliyobaki haikuwaona kamwe.

Mnataka kuniuliza kama walipeana mkono. Walipeana, pale chini kando ya ndoo, viganja vikichuruzika maji. Hakuna aliyepiga makofi, kwa sababu aliyeomba kuuona mkono huo hakuwepo.

Nanyi mliokaa hapa mkiniangalia: yupo leo nani, kitandani au jikoni au upande wa pili wa ukuta wako, anayekuomba mkono ambao wewe umeuwekea jukwaa?