Tonge kwa Mdomo wa Fisi

Mwaka mvua ilipoisahau njia ya Bonde la Mkwaju, mto ulikauka hata mamba wakahama. Maji yakabaki mahali pamoja tu, kwenye shimo alilolichimba Tembo ng'ambo ya vilima viwili. Tembo hakuwa mchoyo, lakini maji hakuyatoa bure. Alitaka chakula, kwani naye alikuwa na tumbo, tena tumbo la tembo.

Biashara yote ilifanyika juu ya Jiwe la Mwangwi. Mwenye kitu cha kuuza alipanda, akakinadi, na sauti yake ikafika mabonde matatu. Wanunuzi walikaa makwao wakajibu kwa kupaza sauti. Hakuna aliyeiona bidhaa mpaka imfikie mlangoni, na ndiyo maana kila kilichonadiwa pale kilikuwa kizuri. Nyani aliwahi kuuza "mkeka wa kulalia, umetumika kidogo," kumbe jani la mgomba.

Mama Kanga hakuwa na ujanja huo. Alikuwa na kikapu cha kunde, vifaranga saba wenye kiu, na sauti ambayo hata waliompenda waliikimbia.

Asubuhi moja alimkuta Fisi amekaa penye njia ya kupandia jiwe.

"Kuna ada mpya," alisema Fisi. "Kila kinachotangazwa, tonge moja. Linalipwa kabla ya kupanda."

"Na kisiponunuliwa?"

"Nimesema kinachotangazwa. Habari za kununuliwa sikuzitaja."

"Tonge la ukubwa gani?"

Fisi akapanua mdomo mpaka Kanga akaona chakula cha juzi. "La humu. Na hii ni amri ya Mfalme Simba. Mwenye kinyongo aende akamwambie mwenyewe."

Hakuna aliyekwenda. Waliowahi kumwendea Simba na vinyongo vyao walikuwa wakikumbukwa kwa heshima.

Kanga akalipa, akapanda, akanadi. Tembo alikuwa amelala. Kesho yake akalipa tena, lakini Tembo alikuwa ameshanunua viazi vya Ngiri. Siku ya tatu upepo ulivuma vibaya, sauti ikaishia kwa Nyumbu, naye hakuwa na maji wala haja ya kunde. Fisi alitoza tonge lile lile la mdomo wake kila siku, na Kanga aliporudi nyumbani jioni hiyo, kikapuni mlibaki tonge moja tu. Akililipa, hana cha kuuza. Asipolilipa, hana pa kuuzia. Kifaranga wa mwisho hakuweza tena kusimama.

Wauzaji wengine nao walikuwa wamechemka kwa hasira.

"Tugome!" alisema Nyani. "Mimi nahama kabisa!"

"Unahamia wapi?" aliuliza Ngiri.

"Jiwe jingine."

"Lipi?"

Nyani alijikuna, akaona ni heri kubaki kwenye mgomo. Na ili wanyama wote waujue, alipanda juu ya Jiwe la Mwangwi akautangaza kwa mabonde matatu. Aliposhuka, Fisi alikuwa akimngoja chini, mdomo wazi.

"Umetangaza mgomo. Tonge moja."

Nyani alilipa ndizi mbili, akilaani. Kesho yake alikuwa wa kwanza kwenye foleni, na karanga mkononi.

Sungura, ambaye siku zote hukuta mambo yameharibika kwa wenzake tu, alimkuta Kanga analia kando ya kikapu.

"Mama Kanga, hebu nijibu. Ada hizi ni za nani?"

"Za Mfalme."

"Kunde, viazi na karanga?"

"Ndivyo."

"Simba anakula kunde tangu lini?"

Kanga aliacha kulia. Ni kweli, katika ukoo wao walikumbukwa shangazi wanne walioliwa na Simba, lakini hakuna aliyewahi kusikia kwamba hata mmoja wao aliliwa pamoja na kunde.

"Basi kapande ukanadi," alisema Sungura. "Sauti yangu ni ya kunong'ona. Yako inafukuza mwewe. Ada nitailipa mimi."

"Na ikiwa kweli ni amri yake?"

"Mimi nitakimbia, wewe utaruka. Usafiri tunao."

Kesho yake Sungura alimpelekea Fisi mshipa mkavu wa nyati, mgumu kama kamba ya kufungia ng'ombe. Fisi hakuuliza bidhaa ni ipi. Aliubugia wote, na meno ya juu yakanasana na ya chini. Hapo Kanga akapanda, akawaza kiu ya wanawe, akafumba macho.

"Nanadi! Nanadi mali ya Mfalme Simba! Lundo la kunde, viazi na karanga, alizokusanyiwa na Fisi kwa amri yake, zimo pangoni mwa Fisi! Nani atampa Mfalme bei?"

Fisi aliruka juu. "Mmmh! Mmmh!" Mshipa haukuachia.

"Vibuyu vitatu vya maji!" alijibu Tembo kutoka mbali. Siku hiyo alikuwa macho.

Kisha kilima cha pili kikanguruma. Simba alikuwa akija, na hakuja polepole.

"Nani," aliuliza, manyoya yamemsimama, "nani amenifanya mimi mchuuzi wa kunde?"

Kila kidole, kwato na mbawa vilimwelekea Fisi. Simba akaingia pangoni. Alitoka na ganda la karanga limenasa kwenye sharubu, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

"Amri hiyo sikuitoa," alisema. "Huyu ametangaza jina langu. Hapa anayetangaza kitu analipa nini?"

"Tonge moja, Mfalme," alisema Nyani upesi, ambaye siku zote huzijua sheria zinapomwangukia mwingine. "Kwa mdomo wa mpokeaji."

Fisi, ambaye mshipa ulikuwa umemwachia sasa hivi tu, aligeuka kukimbia. Lilikuwa kosa, kwa sababu alimpa Simba sehemu iliyonona. Simba akapokea ada yake, tonge moja tu, kwa mdomo wa Simba.

Tangu hapo Fisi hutembea mabega juu na makalio chini, na akiulizwa husema alizaliwa hivyo.

Lundo liligawiwa wenyewe, na Nyani alidai mara mbili. Kunde za Kanga zilikwenda kwa Tembo, na jua lilipokuwa utosini vifaranga saba walikunywa, wote saba wakiwa wamesimama.

Mla cha mwenziwe na chake huliwa.