Mashimo ya Nakwee

Nyinyi mnaonung'unika kwamba kuinama shimoni kunawavunja migongo, nyamazeni kidogo niwaambie kazi hii ilianzaje.

Enzi za bibi wa bibi zetu, bustani za nchi hii ya mchanga zililimwa kwa matuta marefu, kama wafanyavyo watu wa nchi zenye mito. Mboga zilikauka kila mwaka, na kila mwaka watu walililaumu jua.

Katika boma la Ekal walikuwamo wake wawili. Mkubwa aliitwa Nakwee, mdogo Asinyen. Asinyen alijua kupika kunde, na Ekal, mtu wa tumbo lake, akawa anakula kwake jioni baada ya jioni. Chungu cha Nakwee kikawa kinapoa bila mlaji. Aliona nafasi yake ya mke mkubwa inamponyoka, na wivu ukamwingia.

Kiangazi kilipokaribia kwisha, Asinyen alisafisha uwanja wake. Aling'oa mabua makavu, akaziba ua kwa miiba, akachanganya udongo na samadi ya mbuzi na majivu, akainua matuta meusi yaliyonona. Bustani ya Nakwee ilikuwa juu kidogo, ng'ambo ya ua. Nakwee aliyatazama matuta yale mpaka macho yakamuuma.

Siku Asinyen alipokwenda kisimani, mwendo wa kutwa, Nakwee aliingia na jembe na kikapu. Alizoa matuta yote. Bado roho haikutulia, akaendelea kuchimba mpaka akazama magotini. Udongo wote aliurundika kwake.

Asinyen alirudi akakuta mashimo matupu.

"Dada, udongo wangu umekwenda wapi?"

"Upepo, mdogo wangu. Kwani huujui upepo wa huku?"

Asinyen alilia sana. Lakini mawingu yalikwisha tanda na udongo mwingine hakuwa nao, akazipanda mbegu zake humo humo shimoni.

Mvua ilinyesha mara moja tu, fupi na kali. Iliyaporomosha matuta ya Nakwee, ikaiteremsha samadi yote hadi kwa Asinyen, na maji yakatuama mashimoni. Kisha upepo ukavuma kweli. Kilichobaki juu kilikauka, lakini kunde za Asinyen zilijificha kivulini mwa kingo, zikatambaa mpaka zikafunika ardhi.

Majirani walikuja kushangaa. "Asinyen, akili hii umeitoa wapi?"

Nakwee angenyamaza, yangekwisha, maana hakuna aliyemshuku. Lakini kumsikia mke mwenzake akisifiwa kwa jasho lake yeye, hilo hakuliweza.

"Akili gani aliyo nayo huyo? Mashimo hayo nimeyachimba mimi! Mimi, kwa mgongo wangu!"

Akajiziba mdomo, lakini wote walikwisha sikia.

Asinyen alimtazama kwa hasira. Halafu akachuma kunde, akamjazia kikapu.

"Nenda kampikie mume wetu, dada. Na mwakani uje unichimbie tena, ila safari hii nikiwepo."

Jioni ile Ekal alikula kwa Nakwee.

Na tangu siku hiyo bustani zetu huchimbwa kwenda chini, na jembe la kwanza hupigwa na yule anayemwonea wivu mwenye bustani kuliko watu wote. Huitwa kwa jina, mbele za watu, wala hana ruhusa ya kukataa.

Haya, inukeni twende bustanini kwa Akolong. Nimeitwa mimi.