Kiboko na Mianzi Miwili ya Kenge

Jamani, hadithi yangu iko mlangoni. Niifungulie?

— Ifungulie, iingie!

Haya, sogeeni, maana hii ina mbio!

Hapo zamani za kale palikuwa na Kiboko, msichana mnene kuliko wanyama wote wa ziwani. Kila asubuhi alipita katikati ya mafunjo kwenda kuoga, akiimba:

"Gubu, gubu, tumbo mbele! Mafunjo, pisheni nipite!"

Na mafunjo yalipisha. Yangefanyaje? Maji ya mto yakamfuata nyuma, yakaingia ziwani, na samaki wakaingia na maji.

Siku moja mbiu ikapigwa: siku ya kumi na tatu, ngoma! Kiboko akaruka kwa furaha, ardhi ikatetemeka. Alipenda ngoma kuliko nyasi.

Kenge akamwona. Akachomeka mianzi miwili mlangoni pa uwanja wa ngoma.

"Dada, hebu pita hapa."

Kiboko akajaribu. Hata shavu halikupita.

"Lo! Ukiingia uwanjani sisi wengine tukachezee juu ya miti?" Kenge akacheka. "Lakini usilie, nina dawa. Siku ya kwanza, usile. Siku ya pili, jifunge tumbo kwa kamba. Siku ya tatu, usiguse maji. Kaa juani uyeyuke. Na kuoga ziwani, acha kabisa mpaka upite!"

Kiboko hakula. Akajifunga kamba. Akakaa juani, jasho jekundu likamtoka, ngozi ikapasuka. Akaenda kwenye mianzi.

"Bado!" akasema Kenge. "Rudia!"

Akarudia siku tatu nyingine. Kambare, rafiki yake, akatoa kichwa majini.

"Shoga, mbona huimbi siku hizi?"

"Niache. Napungua."

Akaenda kwenye mianzi. "Bado! Rudia!"

Akarudia mara ya tatu. Siku ya tisa akaenda, miguu ikigongana. Akapita! Jamani, alipita!

"Kenge! Kenge! Nimepita!"

Kenge hayupo. Hata chura hakulia.

Kiboko akakimbilia ziwani. Ziwa liko wapi? Tope tupu! Mafunjo yalikuwa yameziba njia ya maji, kwa kuwa hakuna aliyeyapita. Katikati ya tope, Kenge alikuwa anameza samaki waliokwama, mmoja baada ya mwingine. Tumbo lake lilikuwa limevimba kama mtungi.

"Ahaa!" akasema Kiboko. "Mimi nipungue, wewe unenepe!"

Akayavamia mafunjo. Yakamrusha nyuma kama mpira. Akayavamia tena. Yakamrusha tena.

"Shoga!" Kambare akaita kutoka ndani ya tope. "Mimi nitavumilia humu siku tatu. Zaidi ya hapo, nimekwisha. Nenda ukale!"

Kiboko akavuta pumzi moja, kamba ikakatika, pwaa! Akala. Siku ya kwanza akala, siku ya pili akala, siku ya tatu akala mpaka mashavu yakarudi mahali pake. Kisha akasimama mbele ya mafunjo.

"Gubu, gubu, tumbo mbele! Mafunjo, pisheni nipite!"

Yakapisha! Maji yakaja yakinguruma! Kambare akaogelea huku akishangilia. Kenge akataka kukimbia, lakini tumbo lilikuwa zito, miguu mifupi. Maji yakamzoa, na hakuonekana tena katika ziwa lile.

Siku ya kumi na tatu, ngoma! Mianzi miwili ilikuwa bado imesimama mlangoni. Wapigaji wa ngoma wakauliza:

"Dada Kiboko, utapita wapi?"

"Hapa hapa."

Kwa! Kwa! Mianzi ikalala chini. Kiboko akacheza, ardhi ikacheza naye, na wapigaji wakafuata mdundo wa miguu yake mpaka jua likazama.

Basi, wapenzi, mwili wako si kosa la kuombea radhi. Na anayekupima kila siku, muulize: wewe ukipungua, yeye anapata nini?

Hadithi yangu imeshiba, inataka kwenda. Niifungulie mlango?

— Ufungue wote, ipite na tumbo lake!