Mlango wa Mchungaji Mutwiri

YAH: KUONDOLEWA KWA MLANGO MMOJA (1) WA KANISA BILA KIBALI CHA KAMATI

Ndivyo barua ilivyoanza, na chini yake mihuri mitatu. Mchungaji Mutwiri, wa kanisa dogo la Kimethodisti huko Meru, aliisoma mara mbili. Mchungaji wa Kimethodisti huenda anakotumwa, hilo alilijua. Lakini kamati ikimpata na kosa, angehamishwa kabla ya muda wake, na kwa aibu.

Mlango aliung'oa kweli. Mafuriko yalikuwa yamesomba daraja la kijito kilicho chini ya kanisa, Kanini, mjamzito wa pale kijijini, ameshikwa na uchungu wa kuzaa, na zahanati iko ng'ambo. Mchungaji alipiga magoti, akamwomba Mungu afungue njia. Alipofumbua macho, kitu cha kwanza kukiona kilikuwa ule mlango: mvule mtupu, mrefu kuliko upana wa kijito.

Akatafuta bisibisi.

Kanini akavuka juu yake, na tangu siku hiyo kijiji kizima kikawa kinavukia hapo.

Alhamisi wajumbe saba wa kamati walifika na mvua, suruali zimekunjwa, wakaketi kanisani. Katibu, Mzee Karauri, akafungua faili.

"Mchungaji, mlango wa nyumba ya Bwana uko wapi?"

"Mzee, umeukanyaga sasa hivi. Matope yake hayo viatuni mwako."

Mjumbe mmoja akakohoa ili asicheke. Karauri hakukohoa.

"Kamati inaamuru urudishwe leo hii, kabla ya saa kumi!"

"Sawa, Mzee. Basi niwaambie kina mama waongeze maharagwe. Maana mtalala hapa."

Wajumbe wakageuka. Kwa kuwa hapakuwa na mlango, kijito walikiona vizuri sana. Kilikuwa kinanguruma.

"Labda," akasema yule wa kikohozi, "urudishwe tukishavuka."

"Na mimi je?" Kanini akauliza kutoka benchi la nyuma, mtoto mgongoni. "Siku ya kliniki nitavukia barua?"

Karauri akamtazama mtoto, akakitazama kijito, akaitazama mihuri yake mitatu. Kisha akatoa kalamu nyekundu na kuandika: "Imeazimiwa kwamba anayehamishwa ni mlango."

Kanini akapiga kigelegele, kina mama wakamwitikia.

Wajumbe saba walivuka salama, mmoja mmoja, juu ya kielelezo cha mashtaka. Mchungaji alibaki kanisani, na mlango ukabaki mtoni.

Funzo: Ukimwomba Mungu afungue njia, uwe tayari kuutoa mlango wako.