Nani Aanzishe Wimbo wa Yoramu?

Sogeeni karibu. Hadithi ninayo, lakini siitoi bure: atakayeisikiliza mpaka mwisho ataniachia jibu. Anayependa ubishi akae mbele, asiyeupenda akae karibu na mlango.

Huko Makambako, mji ambao upepo wake huanua nguo kwenye kamba kabla ya mwenyewe hajafika, walikuwako watu watatu wenye vipaji vitatu.

Wa kwanza ni Obedi, fundi simu wa jirani na stendi. Kipaji chake kilikuwa mikononi. Simu iliyoangukia chooni, iliyokanyagwa na ng'ombe, iliyopikwa pamoja na maharage, wenye simu hizo wote walimjia Obedi na wengi waliondoka wakicheka.

Wa pili ni Tusekile, mwalimu wa kompyuta wa shule ya sekondari. Kipaji chake ni utulivu. Akipewa kitu kipya hakibonyezi mpaka asome kinasema nini, na asome tena. Watu wa namna hiyo mnajua wenyewe walivyo adimu.

Wa tatu ni mzee Nikodemu, na kipaji chake ni sikio. Wimbo akiusikia mara moja, anao. Tatizo ni kwamba alisikia pia yasiyomhusu, na hayo nayo hakuyasahau.

Wote watatu waliimba kwaya moja, chini ya Mwalimu Esnati, mjane wa Yoramu. Kilio cha hadithi hii ni chake, na mzigo wa mwisho wake pia ni wake.

Kwaya ile ilikuwa na desturi. Kila wimbo ulikuwa na mwanzilishi. Mstari wa kwanza aliuimba mtu mmoja, hatua moja mbele ya wenzake, ndipo wengine wakaingia. Ukishauanzisha mara ya kwanza mbele ya watu, wimbo ni wako. Ukiimbwa harusini, utaanzisha wewe. Ukiugua, wanakungoja au wanaimba mwingine. Na siku ya kufa kwako, huo ndio unaozikwa nao. Nyimbo zote hizo alizitunga Yoramu, na waanzilishi aliwachagua yeye.

Zamani Yoramu aliandika nyimbo zake ubaoni. Alipougua mkono ukakosa nguvu, akaamua kuimba. Akiwa kitandani hospitalini aliiimba kila sauti peke yake kwenye simu, ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, akazituma moja moja kwa WhatsApp kwenye simu ya mkewe. Ulikuwa wimbo wa mavuno, unaoanza kwa maneno haya: "Mvua imekumbuka njia ya kwetu." Hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Simu yake mwenyewe ilipotea wakati wa msiba, katika kuingia na kutoka kwa watu wengi.

Mwalimu Esnati hakuufungua wimbo ule. Aliwaambia wanakwaya, "Nitausikiliza nikiwa na kifua cha kuusikiliza." Wakamwelewa. Mwaka ukazunguka, mahindi yakakomaa, na sikukuu ya mavuno ikakaribia. Akasema sasa yuko tayari. Juma hilohilo simu yake, Android kongwe ya siku nyingi, ikamponyoka jikoni ikaangukia sakafu. Ikawa inaita lakini kioo ni cheusi tii.

Mwanawe Ayubu, anayefanya kazi Dodoma, akasikia kwamba mama hana simu. Akamtumia aifoni mpya ndani ya boksi lake.

Hapo ndipo wanakwaya walipokosea, na ni kosa la mapenzi. Kwaya ile kitu kipya hukipokea kwa wimbo, na kila mtu lazima akishike. Boksi lilifunguliwa mazoezini. Katibu, bwana Mlelwa, akaitoa laini kwenye simu kongwe akaichomeka kwenye mpya, akabonyeza "endelea," "endelea," "kubali," mpaka simu ikakubali kila kitu. WhatsApp ikawekwa. Ikapigwa picha ya kwaya nzima, na teno wawili wakaomba irudiwe kwa sababu walifumba macho.

Mwalimu akaipokea simu yake akitabasamu. Akatafuta jina la Yoramu. Hakuna. Akatafuta tena, taratibu, akidhani ni macho. WhatsApp ilikuwa tupu.

"Mazungumzo yatakuja yenyewe," alisema bwana Mlelwa.

Walingoja. Hayakuja. Mwalimu akaketi kwenye benchi, simu ya malaki ya shilingi mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu msibani wakamwona akilia mbele yao. Alipojifuta akasema maneno ambayo wote waliyasikia: "Atakayenirudishia wimbo wa Yoramu, ndiye atakayeuanzisha."

Obedi aliichukua simu kongwe siku hiyohiyo. Akaifungua, akaipuliza, akaigeuza. Kioo kilikuwa kimekufa, na kioo cha aina ile hakikuwako tena Makambako wala Njombe. Alipiga kila namba anayoijua, wakamwambia simu hiyo ni ya kizamani. Kioo cha namna hiyo alikijua mahali pamoja tu, kwenye simu aliyokuwa akipigia. Obedi alikaa kidogo akiitazama. Kisha akachukua bisibisi, akaivua simu yake mwenyewe kioo, akakivisha ya Mwalimu. Kikawaka.

"Imefufuka," alimwambia Mwalimu. "Lakini betri yake inachemka. Tusiichezee sana."

Mazoezini, mbele ya wanakwaya, wakafungua WhatsApp. Ikawaambia kwamba namba hii sasa inatumika kwenye simu nyingine, na haikuonyesha ujumbe hata mmoja. Bwana Mlelwa, ambaye hakuwa amejifunza kitu, akashauri, "Hii ni ya kufuta na kuweka upya. Mimi yangu hufanya hivyo." Obedi naye, kwa mazoea ya kibandani, akapeleka kidole.

Ndipo Tusekile akamshika kifundo cha mkono. "Kaka Obedi, subiri. Ujumbe uko humo ndani ya simu. Ukifuta hapo, umefuta na Yoramu."

Obedi akakirudisha kidole mfukoni kabisa.

Tusekile akaomba laini irudi kwenye simu kongwe. Akaisajili namba pale, WhatsApp ikafunguka, na jina la Yoramu likatokea. Mwalimu alishika ukingo wa meza.

"Basi tumtumie mtu hizo sauti nne, tumalize," alisema Obedi.

"Na mengine?" aliuliza Tusekile. "Salamu zake za asubuhi, na yale aliyomwandikia akiwa wodini, tuyaache yafe na betri?"

Mwalimu akatazama dirishani. Hakuna aliyelirudia wazo lile.

Tusekile akawaeleza kama anavyowaeleza wanafunzi wake. Kutoka Android kwenda aifoni kuna mlango mmoja, nao uko mwanzoni, simu mpya ikiwa bado mpya. Hii ilikwisha kuanzishwa, kwa hiyo ni lazima ifutwe ibaki kama ilivyotoka kwenye boksi. Picha ya kwaya ilipotelea hapo, na teno wawili wakasikitika, maana ile ya pili walitoka vizuri. Kisha akaweka kwenye simu kongwe ile programu ya kuhamia. Simu zote mbili akazichomeka kwenye umeme, akaziunga kwenye intaneti moja ya shule, akachagua vitu vya kuhamisha na kuhakikisha WhatsApp imo, kwa sababu mwenye haraka huisahau. Namba ikabaki ileile.

Mara ya kwanza ilikatika, kwa sababu mtu alimpigia Mwalimu na Mwalimu, mtu wa adabu zake, akapokea. Tusekile hakugomba. Akaanza upya, akawaomba wasiiguse, akaketi na zile simu mbili tangu asubuhi mpaka jua likaelekea milimani. Kongwe ilipochemka aliipepea kwa daftari la mwanafunzi. Alikosa chakula cha mchana na hakusema. Hatimaye aifoni ikamaliza, na jina la Yoramu likasimama kwenye kioo kipya na salamu zake zote.

"Ya zamani tusiifute bado," alisema. "Kwanza tusikilize kama vyote vimefika."

Wakasikiliza. Sauti ya kwanza ikaja, na kabla ya wimbo Yoramu alikohoa, akasema: "Esnati, huu aanze mtu mmoja. Mmoja tu, usiniwekee kundi. Wala usiwe wewe, wewe unapunga mkono kuwaongoza. Mchague mwenyewe, mimi safari hii sichagui." Kisha akaimba. Mwalimu alilia na kucheka kwa pamoja, na Tusekile akajifanya anafuta kioo.

Sauti ya pili ikaja, na ya tatu. Ya nne, ile ya besi, ilikuwa duara tu lenye kimshale. Tusekile akaibonyeza, haikufunguka. Akaitazama kwenye simu kongwe, nako ni kimshale hichohicho. Siku ilipotumwa, simu ilikuwa imejaa, haikuipakua. Mwalimu naye hakuwahi kuibonyeza, akisubiri kifua. Sasa mtandao ulikwisha kuifuta, na simu ya Yoramu iliyoituma ilikwisha kupotea; haikuwepo popote. Wimbo ulihama mzima kadiri ulivyokuwapo, na haukuwahi kuwapo mzima.

"Kosa ni langu," alisema Mwalimu.

Mzee Nikodemu, aliyekuwa amekaa kwenye kona, akasafisha koo. "Mwalimu, mimi nilikwenda kumwona Yoramu hospitalini. Nikamkuta anaimba besi kwenye simu, nikasimama nje ya pazia nisimkatize."

"Ulisikia?"

"Nisisikie mimi?"

Akafumba macho. Tusekile akazicheza zile sauti tatu, na mzee akaingia chini yake. Aliimba polepole, kwa koo la mtu mzima lenye mikwaruzo, na zile sauti tatu zilizokuwa zikielea zikapata pa kukanyagia. Alipofika kwenye neno "njia," akashuka kabla ya wenzake. Mwalimu aliinua kichwa. Besi za Yoramu zote zilishuka kabla ya wenzake, na kwa ajili hiyo walikuwa wamegombana miaka yote ya ndoa yao.

"Ni yake," alisema. "Hiyo huwezi kuitunga, Nikodemu. Wewe ungeshuka pamoja na watu."

Wimbo ukakamilika, ukafundishwa, na furaha ikawa kubwa. Jumamosi, siku moja kabla ya sikukuu, mtu akauliza nani anaanzisha, na furaha ikapungua.

"Mimi sidai," alisema Obedi, kama wasemavyo wanaodai. "Nasema tu simu yangu imelala haina kioo, wateja wananitafuta hawanipati. Bila kioo kile, hata pa kuanzia pasingekuwapo."

"Na kilipowaka, kidole chako kilikuwa wapi?" aliuliza Tusekile.

"Kwenye kufuta," alikubali Obedi, maana ni mkweli.

"Basi. Mimi ndiye niliyeuvusha wimbo toka simu ile kuja hii. Sijawahi kuomba wimbo. Huu nauomba."

"Uliuvusha ukiwa na miguu mitatu, mwanangu," alisema mzee Nikodemu. Hakusema kwa ukali. "Mimi nimeimba hapa tangu Mwalimu ni msichana. Nimezika waanzilishi, nimewaimbia nyimbo zao makaburini. Yoramu aliwapa wote, mimi kila mara akaniambia, wewe mzee wa besi, besi haianzishi. Mkinizika mimi mtaniimbia nini?"

Bwana Mlelwa akapendekeza waanzishe wote watatu. Mwalimu akaitoa aifoni mfukoni, akaicheza sauti ya Yoramu: "Mmoja tu, usiniwekee kundi." Bwana Mlelwa akakaa.

Usiku ule Mwalimu hakulala vizuri, nami simlaumu. Alijua ahadi ni yake, aliitoa mwenyewe mbele ya watu. Alijua kwamba atakayempa atafurahi mpaka kaburini, na wawili atakaowanyima atawaona mbele yake kila Jumapili. Akamnung'unikia marehemu kwamba maisha yake yote alichagua yeye, na hii iliyo ngumu ndiyo akamwachia mkewe.

Jumapili kanisa lilijaa. Mahindi, maboga na viazi vilipangwa mbele mpaka mchungaji akakosa pa kupita. Kwaya ikasimama. Obedi yuko kulia, mfuko wake wa shati bado hauna simu. Tusekile yuko kushoto, midomo inatembea kimya kwenye maneno ya kwanza. Mzee Nikodemu yuko nyuma, mahali pa besi, macho yake chini, kama mtu aliyekwisha kujibiwa zamani.

Mwalimu Esnati ameinua mkono. Watu wamenyamaza, na hata upepo wa Makambako umetulia kidogo mlangoni. Kidole chake kikishuka kitamwonyesha mtu mmoja, na mtu huyo atapiga hatua mbele, na wimbo utakuwa wake mpaka siku watakapomwimbia yeye.

Mimi mkono ule nauacha hapohapo juu, sithubutu kuushusha. Aliyetoa kioo chake, aliyezuia kidole na kuvusha, au aliyeibeba sauti ya nne kichwani mwake: ungekuwa wewe ndiye Esnati, kanisa zima linakungoja, ungemwonyesha nani?