Mkeka Nyuma ya Kioo

Kulikuwa na mtu aliyeitwa Kombo, mtunzaji wa jumba la makumbusho mjini. Alipoanza kazi, wakubwa wake waliamini kwamba cha kuhifadhiwa ni kile tu kilichoachwa na wafu. Kombo akabishana nao miaka mingi. Alisema wafinyanzi, wasusi na wachongaji walio hai nao wanastahili heshima, na kwamba plastiki inawamaliza huku tunatazama. Mwishowe akashinda, akapewa ukumbi wake.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa mkeka wa ukindu uliosukwa na mama yake, Bi Zuwena. Aliusuka ili azikwe nao, kama ilivyo desturi ya kwao, kisha macho yakamfifia asiweze kusuka tena. Kombo alipouomba, mama alimpa, ila siku yake ya kufa ikifika urudishwe. Kombo akaahidi. Akauweka nyuma ya kioo, na wageni wakawa wanasimama mbele yake kimya.

Wiki ya kufungua maonyesho makubwa, dada yake, Mize, alimpigia simu akilia. Mama amefariki. Mazishi ni alasiri. Aje na mkeka.

Kombo alichukua ufunguo, akasimama mbele ya kioo. Akawawaza wageni waliokuwa njiani kutoka nchi za mbali. Akauwaza udongo, na mchwa. Akajiambia kwamba kaburini mkeka utaoza, bali hapa kazi ya mama itaishi. Na maneno hayo yalikuwa ya kweli, ndiyo maana yalimshinda. Akautia ufunguo mfukoni. Kwenye kituo cha mabasi akanunua mkeka mwingine, akaufunga kwa magazeti, akapanda gari kwenda kijijini kwao.

Wanawake walikuwa wamekwisha kumwosha marehemu. Mize akatoka mlangoni, akaupokea mzigo kwa mikono miwili, akaufungua mbele ya watu waliojaa uani. Ulikuwa mkeka wa plastiki, wa kijani, bado unanuka duka. Vilio vikakatika. Mize akautazama, kisha akamtazama ndugu yake kama mtu asiyemjua.

"Kaka," akasema, "hata leo?"

Muda wa kurudi mjini haukuwapo, na pale kijijini hapakuwa na msusi mwingine aliyebaki. Bi Zuwena akazikwa na plastiki ile.

Maonyesho yakafunguliwa, watu wakapiga makofi. Mgeni mmoja akaomba aelezwe habari za mwanamke aliyesuka mkeka mzuri namna ile. Kombo akatia mkono mfukoni, akaushika ufunguo, akainamisha uso. Waliokuwa karibu wakasema ni unyenyekevu.

Nawauliza ninyi mnaowasifu wazazi wenu mbele za watu: walipowaomba kitu kimoja, mliwapa nini?