Fundi Hilali na Hatua Moja Aliyoificha

Hii nimeletewa, nami naileta kwako. Kama kuna kazi unayoifanya kwa mikono yako na kuna mtu aliyekufundisha, isome mpaka mwisho.

Kando ya Ziwa Tanganyika aliishi mzee mmoja aliyeitwa Fundi Hilali. Kazi yake ilikuwa kusubu, yaani kuyeyusha na kumimina kwenye kalibu, samaki wa risasi. Si samaki wa kula. Ni kipande cha risasi chenye umbo la dagaa mnene, ndoana imechomoza mgongoni. Mvuvi hukifunga kwenye mshipi, hukishusha mpaka chini, kisha hukivutavuta. Samaki mkubwa aitwaye kuhe akikiona hudhani amepata kitoweo. Anakimeza, na habari yake inaishia hapo.

Wengi walijaribu kusubu kama yeye. Samaki wao walitoka na matundu, wengine wamepinda, wanazunguka majini kama walevi. Wa Hilali walishuka wamenyooka. Wavuvi walitoka vijiji vya mbali kuja kuwatafuta, na mzee alijua hivyo, na alipenda kujua hivyo.

Kalibu zake zilikuwa vipande viwili viwili vya jiwe laini, kila kipande kimechongwa nusu ya samaki. Unaviunganisha, unavikaza kwa waya, unayeyusha risasi ya betri chakavu, unaimimina kwa upawa kwenye tundu la juu. Mtu akitazama ataona ni kazi rahisi.

Lakini jiwe lile hunywa unyevu. Risasi ya moto ikikuta maji ndani, maji hugeuka mvuke mara moja na kuirusha risasi nje, imwendee aliye karibu. Kwa hiyo kalibu lazima kwanza ikaushwe juu ya makaa, taratibu, mpaka iunguze kiganja.

Hatua hiyo Hilali hakumwambia mtu yeyote. Aliifanya peke yake nyuma ya nyumba, baada ya swala ya alfajiri. Kisha alizianika kalibu ubaoni, kana kwamba ndipo zilipolala. Waliofika baadaye walizigusa, wakazikuta na joto, wakadhani ni jua.

"Siri ya mtungi aijuaye kata," alipenda kusema. Akiulizwa anamaanisha nini, alicheka tu.

Mzee huyu alikuwa na mtoto mmoja, Mwamini, aliyekuwa amerudi nyumbani baada ya kuachwa na mumewe. Mwamini aliona mikono ya baba yake imeanza kutetemeka, na kila upawa ulipopanda, roho yake ilipanda nao.

"Baba, nifundishe mimi, wewe upumzike," alimwambia siku moja.

"Wewe ni mtoto wa kike. Kesho utaolewa tena, utaibeba kazi yangu uwapelekee watu wa mumeo."

"Na nisipoolewa?"

"Kapike, mwanangu."

Mwamini akaenda kupika. Alikuwa mtu wa heshima, hakubishana na baba.

Mwaka huohuo akaletwa Yasini. Huyu alikuwa mvuvi mwenye mke na watoto watano, ila mguu wake ulikuwa umevunjika ukaunga vibaya, hawezi tena kukaa mtumbwini. Wajomba zake walimleta kwa adabu zote, na kanzu mpya na mchele, wakamwomba Hilali ampe ufundi. Watu wamejaa barazani. Angekataaje?

Alimfundisha miezi miwili ya kiangazi. Kusafisha risasi, kukaza waya, kuweka ndoana, kumimina bila kusita. Kiangazi chote jiwe lilikuwa kavu lenyewe. Siku ya mwisho Hilali aliinua mikono mbele ya wote akasema, "Mungu ni shahidi, nimempa yote niliyonayo." Watu wakaitikia amina. Hata kutetereka hakutetereka.

Mvua za kwanza ziliponyesha, kalibu ya Yasini ilimtemea risasi mkononi, ikamuunguza toka kiganjani mpaka kwenye kiwiko. Unajua alifikiri nini? Alifikiri amekosa radhi za mwalimu wake. Alikuja na jogoo kwapani, mkono wa pili umefungwa kitambaa.

"Mwalimu, kama nimekukosea, nisamehe."

Hilali angeweza kumaliza mambo pale pale kwa neno moja. Aliutazama ule mkono.

"Risasi yako ilikuwa chafu," alisema. "Isafishe mara tatu. Na uache haraka."

Akampokea jogoo, akamwombea dua. Sitaki kusema mengi juu ya dua hiyo.

Yasini akarudi kwake, akawa anasafisha mara tatu. Siku kavu mambo yalimwendea vizuri. Siku za unyevu risasi ilimrukia kidogo hapa na pale, naye akajilaumu mwenyewe kila mara.

Ndipo Mwamini alipomfuata kwa siri. Nyumbani aliaga kwamba anakwenda kununua dagaa.

"Nataka kumshangaza baba," alisema. "Siku moja aamke akute kazi imekwisha, asiushike tena upawa."

Yasini alifurahi mno. "Dada yangu, mimi nimepewa yote. Nitawezaje kumnyima mtoto wa mwalimu wangu?"

Akamfundisha kila kitu alichokijua. Mwamini alishika haraka kuliko yeye, kwa maana mikono ilikuwa ya baba yake.

Katikati ya masika Hilali alikwenda kuzika kijiji cha pili. Mwamini aliona siku yake imefika. Alizitoa kalibu za baba yake chini ya ukingo wa paa, zilikokuwa zimelala na umande na matone ya mvua. Akazifuta kwa kanga vizuri. Akasafisha risasi mara tatu. Akapiga bismillahi, akamimina, akainama kuangalia kama tundu limejaa, kama alivyomwona baba yake akifanya maisha yake yote.

Hilali aliporudi alikuta uwanja umejaa watu. Tabibu wa zahanati alimwambia ukweli bila kuupamba: risasi imemrukia Mwamini usoni, macho yote mawili yamekwenda.

Kesho yake Yasini aliingia akichechemea, akaanguka magotini mbele ya mkeka wa mzee. Alikuwa analia kama mtoto.

"Mwalimu, niue mimi. Ni mimi niliyemfundisha. Lakini nilimfundisha kama ulivyonifundisha wewe. Tangu jana nazihesabu hatua kichwani: kusafisha, kukaza waya, kuweka ndoana, kuyeyusha, kumimina. Niambie, Mwalimu. Nimemrukishia ipi?"

Kutoka kitandani, Mwamini alisema kwa sauti ndogo, "Usijilaumu, kaka. Wewe hukunificha kitu."

Hilali alitamani afe. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alitamani asingekuwa fundi wa kitu chochote.

"Kalibu," alisema mwisho. "Kabla ya kumimina... kalibu hukaushwa kwenye makaa."

Yasini aliutazama mkono wake wenye kovu. Kisha akasimama, akachukua fimbo yake, akatoka bila kuaga, na tangu siku hiyo hakumwita tena Mwalimu.

Mwamini aligeuza uso wake uliofungwa bandeji kuelekea ilikotoka sauti ya baba yake.

"Ndiyo hiyo tu, baba?"

"Ndiyo hiyo tu, mwanangu."

Funzo: Ukikubali kufundisha, fundisha yote. Elimu uliyoikata haibaki kwa uliyemnyima; hutembea nyumba kwa nyumba, wala haiulizi mlango huu ni wa nani.